Mzee aliyegawa mali akiwa hai

Watu wengi wanaosimulia tamthilia ya King Lear huanzia kwenye dhoruba: mzee wa miaka zaidi ya 80, aliyekuwa mfalme, anatangatanga nyikani usiku huku mvua ikimpiga, na mabinti zake wamekwisha kumfungia milango. Mimi huanzia kwenye ramani iliyotandazwa mbele ya watu katika onyesho la kwanza, kwa kuwa hapo ndipo mzee yule alipodhulumiwa, tena mchana kweupe, bila mtu yeyote kumwekea kisu shingoni. Alisema mwenyewe kwamba amechoka na anataka kuwaachia vijana mzigo wa utawala ili atambae kuelekea kaburini akiwa mwepesi, akawataka mabinti zake watatu waseme ni nani ampendaye zaidi, kisha akagawa nchi kwa kadiri ya utamu wa maneno aliyoyasikia. Goneril na Regan walisema vizuri wakapata. Cordelia alisema kwamba anampenda kama inavyompasa mtoto kumpenda mzazi, si zaidi wala si pungufu, na akaondoka mikono mitupu.

Shakespeare aliandika tamthilia hii mnamo mwaka 1605 au 1606, ikachezwa mbele ya Mfalme James tarehe 26 Desemba 1606, na ikachapwa mara ya kwanza mwaka 1608. Mimi ni mwalimu wa fasihi hapa Tabora mjini, na ninaisoma Ijumaa mchana pamoja na wanafunzi wachache wanaopenda maigizo, nje kabisa ya mambo ya mitihani. Wanafunzi hawa hucheka sana mwanzoni, hasa Goneril anapodai kwamba anampenda baba yake kuliko macho yake mwenyewe. Kicheko hukatika tunapofika kwenye hesabu ya wapanda farasi, kwa sababu hesabu hiyo wengi wao wameiona nyumbani.

Hesabu yenyewe ni hii. Lear aliacha madaraka na mapato, lakini alijiwekea jina la mfalme na askari 100 wa farasi, kwa makubaliano kwamba atakaa mwezi mmoja kwa binti huyu na mwezi unaofuata kwa yule. Haikupita hata wiki mbili Goneril akapunguza askari hao hadi 50. Mzee akakimbilia kwa Regan, naye akamwambia kwamba kwake wataingia 25 tu. Alipotaka kurudi kwa Goneril, kwa kuwa 50 ni mara mbili ya 25, Goneril akauliza hao 25 ni wa nini, au 10, au 5, ilhali nyumbani wapo watumishi wa kutosha kumhudumia. Regan akamalizia: hata mmoja ni wa nini? Ukiangalia sababu zilizotolewa, kwamba askari wanapiga kelele, kwamba gharama ni kubwa, kwamba mabwana wawili ndani ya nyumba moja huleta ugomvi, hakuna hata moja isiyoingia akilini, na kwa hiyo mzee hakuwa na mahali pa kusimama na kusema kwamba hapa ndipo nilipoanza kuonewa.

Jirani yangu mmoja, mstaafu wa kazi za reli, alihesabiwa kwa namna hiyo hiyo. Nyumba ni yake. Mwanawe alipohamia pamoja na familia, chumba cha mbele kilihitajika kwa ajili ya watoto, hivyo mzee akahamishiwa chumba cha uani, ambacho kwa kweli kina ubaridi kidogo wakati wa joto la Oktoba. Baadaye kadi ya benki ikawa inakaa kwa mkamwana, kwa kuwa foleni ya kutoa pensheni inamchosha mzee miguu. Ikafuata simu, kwa hoja kwamba matapeli wanawapigia sana wazee na kuwaambia watume fedha kwenye namba hii au ile, jambo ambalo ni kweli kabisa na limewakuta wengi mtaani kwetu. Redio nayo ikaondolewa kwa sababu ilikuwa inamwamsha mtoto mchanga. Siku moja nilipita kumwamkia nikamkuta ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa, kwa kuwa kiti chake cha kamba kilikuwa barazani na kimekaliwa na mgeni wa mwanawe. Wakati tunazungumza alimwita mjukuu wake na kumwomba shilingi mia tano ya ugoro, naye ndiye mwenye pensheni.

Nilimsimulia habari za Lear. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mama yao hao mabinti yuko wapi?" Ni swali ambalo sijawahi kuulizwa darasani, na ni swali zuri. Malkia hayumo katika tamthilia. Anatajwa mara moja tu, na anatajwa akiwa kaburini. Mzee alitikisa kichwa akasema kwamba mwanamume akifiwa na mke ndani ya nyumba iliyojaa watoto wakubwa, amebaki mgeni. Akauliza tena, "Na majirani je?" Majirani wapo katika tamthilia, nami nitawarudia, kwa kuwa nadhani habari nzima ya kumlinda mzee imeegemea kwao.

Kwanza niseme neno juu ya alichofanya Lear kisheria, kwa sababu wazee wetu wengi wanakifanya bila kukijua. Lear hakuandika wosia. Wosia hauna nguvu mpaka aliyeuandika afe, na akiwa hai na mwenye akili zake anaweza kuubadilisha au kuufuta kabisa. Lear alitoa hiba: aligawa mali akiwa hai na kuikabidhi hapo hapo, akabaki na ahadi. Waislamu wa hapa mjini wanaijua vizuri tofauti hii, kwa kuwa hiba ikishakabidhiwa imekuwa ya aliyepewa, ilhali wasia umewekewa mpaka wa theluthi moja ya mali. Tatizo ni kwamba mzee anapoletewa karatasi na mwanawe, akaambiwa kwamba ni "ya kuweka mambo sawa ili msije mkasumbuka baadaye", mara nyingi haelezwi kama anaandika cha kesho au anatoa cha leo. Anashikwa mkono, kidole gumba kinapakwa wino, kinagandamizwa chini ya maandishi ambayo pengine hayasomi kwa sababu ya mtoto wa jicho. Zile karatasi za mauziano ya viwanja zinazopita katika ofisi za serikali za mitaa zina nafasi ya muuzaji, mnunuzi na mashahidi, na nimeshaona moja ambayo mashahidi wote wa upande wa muuzaji walikuwa watoto wa mnunuzi.

Ninaipenda kanuni moja ya sheria zetu za mila, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963. Kwa mujibu wa kanuni zile, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi nao, ikiwa mwenye wosia hajui kusoma na kuandika, unahitaji wanne vilevile, nusu kwa nusu. Waliotunga kanuni hizo waliujua ukoo vizuri. Walijua kwamba ndugu wanaweza kukaa kikao kimoja, wakakubaliana kwa sauti moja, na mzee akiwa katikati yao asisikike. Mtu baki hana anachorithi, kwa hiyo maneno yake yana uzito. Kanuni hiyo inahusu wosia, lakini sioni kwa nini familia yenye nia njema isiitumie hata pale mzee anapogawa shamba, anapouza kiwanja au anapokabidhi kadi ya benki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo, katika kifungu cha 59, inakataza nyumba ya wanandoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na bibi wengi ninaowafahamu hawajawahi kuambiwa hilo mpaka siku mnunuzi anapokuja na fundi kupima uwanja.

Lear si mzee pekee katika tamthilia ile. Yupo pia Gloucester, ambaye mwanawe wa nje ya ndoa, Edmund, alighushi barua na kumsingizia ndugu yake Edgar kwamba anapanga kumuua baba. Ndani ya mpango huo Edmund anamwekea Edgar mdomoni maneno ambayo yeye mwenyewe anayaamini: kwamba watoto wakishafikia utu uzima na baba akiwa amechakaa, inafaa baba awe chini ya ulezi wa mwana, na mwana asimamie mapato. Maneno hayo yanasikika kama huruma. Regan naye anamwambia baba yake kwamba wewe ni mzee, umefika ukingoni, unapaswa kuongozwa na watu wanaoijua hali yako kuliko unavyoijua mwenyewe. Kwa hiyo katika tamthilia hii wizi mkubwa unafanyika kwa lugha ya kumtunza mzee, na ndiyo maana naona inatufaa zaidi kuliko mahubiri mengi ya kuwaheshimu wazee, kwa kuwa hata Goneril angeyaitikia mahubiri hayo kwa sauti.

Mambo haya hayakuwa ndoto za jukwaani tu. Mwaka 1603, miaka michache kabla ya tamthilia hii, mzee Brian Annesley wa Kent, aliyewahi kumtumikia Malkia Elizabeth, alikuwa amezeeka na kumbukumbu zake zimedhoofika. Binti yake mkubwa pamoja na mume wake walitaka mamlaka yamtangaze kuwa amepoteza akili ili mali yake ishikwe. Binti mdogo, ambaye jina lake lilikuwa Cordell, alimwandikia Robert Cecil, waziri mkuu wa mfalme, akapinga baba yake kufedheheshwa namna hiyo baada ya utumishi wa miaka mingi. Mzee alifariki mwaka 1604, wosia wake ukampa Cordell sehemu kubwa, dada mkubwa akaupinga, na wosia ukasimama. Wataalamu hubishana kama Shakespeare alikuwa na kesi hiyo kichwani, kwa kuwa hadithi ya Lear ni ya kale kuliko hapo. Kwangu jambo kubwa ni kwamba Cordell hakudai kuwa baba yake hasahau. Alikubali udhaifu wa baba yake na bado akakataa udhaifu huo ugeuzwe kuwa ufunguo wa sanduku.

Huku kwetu kuna neno kali zaidi kuliko wazimu. Mkoa wa Tabora, pamoja na Shinyanga, Mwanza, Simiyu na Geita, umetajwa kwa miaka mingi katika habari za wazee, hasa akina mama, wanaoitwa wachawi na kuuawa kwa mapanga. Macho mekundu yaliyotokana na miaka ya kupikia kuni na samadi ya ng'ombe yamehesabiwa kuwa ushahidi. Mpiga ramli anatoa dalili, kijiji kinaogopa, na ukifuatilia polepole mara nyingi unakuta nyuma ya dalili zile lipo shamba, au mjane asiye na mtoto wa kiume, au mpaka uliosogezwa. Huku wanapita watu wa lambalamba, kule Kigoma kamchape, wakitoza kaya fedha kwa ajili ya kutoa uchawi majumbani. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928, na pamoja na kuukataza uchawi wenyewe inalifanya kosa jambo la kumwita mtu mchawi bila kulipeleka suala lake kwenye mamlaka. Edmund angefanya kazi hii vizuri sana. Barua yake ya kughushi na ramli ya mpigaji zina kazi moja: kumgeuza mtu mwenye mali kuwa mtu mwenye hatia, ili atakayemnyang'anya aonekane anailinda jamii. Baadaye Gloucester mwenyewe anaitwa msaliti ndani ya nyumba yake, anafungwa kwenye kiti chake na wageni wake, Regan anamng'oa ndevu, na Cornwall, mume wa Regan, anamtoboa macho.

Hapo ndipo anapoingia mtu baki. Wakati wa kitendo hicho, mtumishi mmoja wa Cornwall, ambaye tamthilia haimpi hata jina, anamwambia bwana wake aache. Anasema amemtumikia tangu utotoni na hajawahi kumfanyia utumishi mwema kuliko huu wa kumwambia aache. Wanapigana, Cornwall anapata jeraha litakalomuua, na Regan anamchoma mtumishi upanga kwa nyuma. Watumishi wawili waliobaki wanaambiana kwamba watatafuta kitani na ute wa mayai wampake mzee usoni panapovuja damu. Mazungumzo hayo mafupi yamo katika chapa ya mwaka 1608, lakini hayamo katika kitabu kikubwa cha tamthilia za Shakespeare cha mwaka 1623, na sijui kwa nini mtu yeyote angetaka kuyaondoa. Baada yao anakuja mpangaji wa shamba la Gloucester, mzee wa miaka 80 hivi, anamshika mkono kipofu yule njiani, na kuahidi kumletea maskini aliye uchi, atakayemwongoza kipofu, nguo nzuri kuliko zote alizo nazo. Kent naye, mtukufu aliyefukuzwa nchini kwa kumwambia Lear ukweli siku ile ya ramani, anarudi kwa kujigeuza sura ili aendelee kumtumikia, na kwa kazi hiyo anatiwa mkatale usiku kucha.

Sisi tumelelewa kwa kanuni kwamba mambo ya ndani ya nyumba ya mtu hayaingiliwi. Kanuni hiyo ina hekima yake, hasa kwa mtu aliyewahi kuamua ugomvi wa mke na mume kisha wakamgeukia wote wawili. Kwa mzee, hata hivyo, kanuni hiyo ndiyo mlango unaofungwa. Mtoto anayelala njaa ataonekana shuleni, mwanamke aliyepigwa pengine ataonekana sokoni, lakini mzee anayenyimwa chakula chumba cha uani haonekani popote. Anapokosekana msikitini au kanisani kwa wiki kadhaa tunaambiwa kwamba miguu inamsumbua, nasi tunatuma salamu.

Waathene, watu wa mji wa Athene katika Ugiriki ya kale, walilitatua jambo hili kwa namna ambayo bado inanishangaza. Kwa sheria zao, kumtesa mzazi, kumnyima chakula au mahali pa kulala, lilikuwa kosa ambalo raia yeyote aliruhusiwa kulipeleka mahakamani, si mzazi peke yake, na mshtaki aliyeshindwa kesi ya aina hiyo hakutozwa adhabu kama ilivyokuwa katika kesi nyingine. Mwanafalsafa Aristotle anaeleza pia kwamba mtu aliyeteuliwa kuwa mmoja wa maarkoni, yaani watawala wa mwaka, aliulizwa hadharani kabla ya kuapishwa kama anawatendea vema wazazi wake. Hebu fikiria swali hilo likiulizwa kwenye kampeni za udiwani hapa kwetu, na majirani wakiruhusiwa kujibu.

Mwandishi wao mkubwa wa tamthilia, Sophocles, yalimkuta yeye mwenyewe, ikiwa tutamwamini Cicero, mwandishi wa Kirumi, aliyeyaandika mwaka 44 kabla ya Kristo. Watoto wa Sophocles walimpeleka mahakamani wakidai kwamba uzee umemwondolea uwezo wa kusimamia mali. Mzee hakuleta daktari. Aliwasomea mahakimu sehemu ya tamthilia aliyokuwa ndiyo kwanza ameiandika, akawauliza kama inaonekana ni kazi ya mtu aliyepotewa na akili, nao wakamwachilia. Tamthilia hiyo ni ile inayomwonyesha Edipode, aliyekuwa mfalme wa mji wa Thebe, akiwa mzee kipofu huko Kolonus karibu na Athene, na ilichezwa mwaka 401 kabla ya Kristo, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki, chini ya usimamizi wa mjukuu wake. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua Edipode kupitia Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1971, inayohusu anguko lake. Hii ya Kolonus inahusu yaliyompata baadaye.

Baada ya miaka mingi ya kuzunguka akiongozwa na binti yake Antigone, mzee huyu aliyefukuzwa na mji wake anatafutwa ghafla na kila mtu. Utabiri umesema kwamba kaburi lake litailinda nchi litakapokuwa. Kreon, shemeji yake kutoka Thebe, anakuja na maneno laini, anamwita maskini mzee, anamsihi arudi nyumbani, ingawa mpango wake ni kumweka mpakani tu ambako Thebe itamtumia bila kuishi naye. Maneno laini yanaposhindwa, anawakamata mabinti ambao ndio macho na fimbo ya kipofu. Kisha anakuja mwanawe, Polinike, akilia, naye anataka baraka za baba ili ashinde vita. Ndugu wa namna hii tunawajua kwa majira yao: wanafika kiinua mgongo kinapotoka, au fidia ya shamba lililopitiwa na barabara inapolipwa, na wengi wao husafiri usiku kucha kwa basi kuja kumwona babu ambaye hawakumzika mkewe. Anayemwokoa Edipode ni Theseus, mtawala wa Athene, nchi ya kigeni kwake, ambaye hakuuliza kwanza atafaidika nini. Nikiwa mkweli kwa tamthilia, sina budi kuongeza kwamba wazee wa Kolonus walitaka kumfukuza mara tu walipolisikia jina lake, kwa hiyo si kila mtu baki ni kimbilio.

Kuna hoja ambayo wanafunzi wangu huileta kila mwaka na ambayo siwezi kuipita. Wanasema: huyu Lear naye alikuwa mbaya. Ni kweli. Alimlaani Cordelia mbele ya watu, alimfukuza Kent, alimwombea Goneril ugumba kwa maneno ambayo sitayarudia hapa, na inawezekana kabisa kwamba askari wake walikuwa wakorofi kama binti alivyolalamika. Mwongozaji wa Kiingereza Peter Brook alipoiongoza tamthilia hii jukwaani mwaka 1962 aliwaonyesha wakipindua meza. Wapo wazee wetu waliowatelekeza watoto, waliokunywa ada za shule, waliooa mke mwingine na kuwasahau wa kwanza, na sasa wanadai matunzo. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasema kwamba Solon, mtunga sheria wa Athene, alimwachilia mtoto wajibu wa kumtunza baba ambaye hakumfundisha kazi yoyote. Ninaielewa sheria hiyo, na mtoto aliyeumizwa ana haki ya kukaa mbali. Lakini kukaa mbali ni jambo moja, na kuhamia kwenye nyumba ya mzee, kushika kadi yake na kumpokonya kiti ni jambo jingine kabisa. Goneril na Regan hawakuwa wanalipiza makosa ya zamani. Walikwisha kupokea theluthi zao na nyongeza ya fungu la mdogo wao.

Tena jukwaa lenyewe si safi. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma hapa Tabora na akarudi kufundisha hapa miaka ya 1940, alitafsiri Mabepari wa Venisi, nayo ya Shakespeare, mwaka 1969, na ndani yake yumo mzee Gobbo, karibu kipofu, ambaye mwanawe Lancelot anampoteza njia kwa makusudi na kumwambia kwamba mtoto wake amekufa, yote hayo kwa ajili ya mzaha. Watazamaji wamelicheka onyesho hilo kwa karne nne. Vijana wetu nao wanajipaka unga kichwani, wanashika fimbo, wanarekodi vichekesho vya babu asiyesikia na bibi anayesahau, na sisi tunavisambaza. Sisemi visichezwe. Nasema tu kwamba mtoto aliyezoea kumwona babu kama kichekesho hatashtuka babu akipokonywa redio.

Kwa mstaafu yule wa reli, hatukuhitaji Theseus. Wazee wenzake wawili wa msikitini pamoja nami tulimwendea mwenyekiti wa mtaa, tukakaa barazani, mwanawe akiwapo, na tukazungumza kwa adabu kwa muda mrefu kuhusu pensheni. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bila malipo, na mmoja wao alikuja siku ya pili kueleza tofauti ya hiba na wosia, huku mkamwana akiuliza maswali kuliko wote. Kadi imerudi kwa mzee. Simu imerudi pia, na namba ya siri sasa anaijua yeye peke yake, jambo ambalo limemletea taabu nyingine kwa kuwa ameisahau mara mbili. Chumba cha mbele hakijarudi, na yeye mwenyewe anasema cha uani kina ubaridi. Mwezi uliopita aliandikisha wosia mbele ya mashahidi wanne, wawili kati yao watu baki, ingawa yeye anajua kusoma na wawili tu wangetosha. Mwanawe ameniuliza kama najua kilichoandikwa. Sijui. Mzee anasema huenda akaubadilisha baada ya msimu wa maembe, kutegemea watu watakavyoishi naye.